Mwaka Ulioanza Ijumaa

Treni ilipoiacha Fittja na kujichimbia tena ndani ya mwamba, Severin aliigusa bahasha iliyokuwa chini ya koti lake kwa mara ya nne tangu aondoke Husby. Karatasi kumi na moja zilikuwa mle mle. Kituo kilichofuata kilikuwa Alby, na Alby hakuwahi kushuka hata siku moja, ingawa alikuwa amekaa Stockholm miaka arobaini. Maisha yake yote yalikuwa upande wa kaskazini: nyumba Husby, soko Kista, na kazi kwenye gati za mjini, alikokuwa fundi wa mitambo ya boti zinazopeleka abiria visiwani. Kusini hakuwa na shughuli nako. Ila ukumbi wa Husby ulikuwa unapakwa rangi, na chama cha wahamiaji kutoka Afrika kilihamishia mkutano wake huku.

Alishuka, akatokea mlango wa kituo usio wake. Akazunguka majengo matatu yanayofanana kama sahani za seti moja, akarudi alikotoka, akaanza upya. Hata hivyo alifika mlangoni pa ukumbi saa sita na dakika hamsini, dakika kumi kabla ya wakati. Mlango ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mtu. Upepo wa Aprili ulimpiga shingoni, naye akatoa ratiba mfukoni akaisoma tena, kana kwamba huenda imebadilika njiani.

Saa 7.00, ufunguzi. Saa 8.00, mada: "Mwaka 1915: Siasa na Vita vya Majini." Mtoa mada, Ndugu Severin. Dakika arobaini.

Dakika arobaini kwa kazi ya miaka minne. Hakulalamika. Alikuwa ameipima mada hiyo jikoni kwake kwa saa ya ukutani, mara inatoka dakika thelathini na nane na nusu, mara inatoka arobaini kasoro kidogo. Ilitosha.

Watu waliomjua Severin walimjua kwa mambo mawili, kuwahi na mwaka 1915. Ujana wake aliuanzia Kigoma, fundi mwanafunzi kwenye meli kongwe ya ziwani ambayo Wajerumani waliijenga, wakaizamisha wenyewe, kisha ikaibuliwa na kutiwa kazini tena. Kijana anayesugua shaba ya meli ya namna hiyo hana budi kuuliza ilikimbia nani. Jibu hakulipata Kigoma. Alipata ufadhili wa kusomea ufundi Uswidi, akaja, akaoa, akazaa binti mmoja, akaachana na mke, akazeeka. Siku aliyostaafu alikwenda maktaba ya mjini na kamusi ya Kiingereza kwapani, akaomba vitabu vya mwaka 1915. Kesho yake alirudi, na keshokutwa vilevile, kwa miaka minne.

Sasa alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Ndege ilikuwa kesho alfajiri. Nyumba ya Husby ilikuwa tupu, na mtu wa kupokea funguo angefika saa kumi na mbili na robo jioni hiyo. Kwa hiyo siku ilikuwa hii, hakuna nyingine.

Na aliyemtaka asikie alikuwa mmoja tu. Hilo hakumwambia mtu.

Saa saba na robo alikuja Dafrosa, katibu wa chama, mama wa Bukoba anayefanya kazi ya usafi hospitalini, akiwa na ufunguo na masufuria mawili.

"Kaka Severin! Umelala hapa?"

"Ratiba inasema saa saba, dada."

"Ratiba tuliandika kwa ajili ya manispaa," Dafrosa alisema, akimpa sufuria moja aishike. "Bila ratiba hawatoi ukumbi. Na hawa watu wa ukumbi, unisikilize, saa kumi na moja kamili kengele ya ulinzi inajiwasha yenyewe. Haiendeshwi na mwanadamu. Ikitukuta ndani, tunalipa faini na mwakani hatupewi."

"Kwa hiyo tuanze mapema."

"Tutaanza mgeni rasmi akifika."

Mgeni rasmi alikuwa Bwana Ssali, Mganda wa Sundbyberg, mjumbe wa akiba katika kamati moja ya utamaduni. Mjumbe wa akiba ni yule anayeitwa kikaoni mwenye kiti akiugua. Lakini chama hakikuwahi kumpata mtu wa kamati, awe wa akiba au wa kudumu, na jina lake lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa kuliko mwaka 1915.

Ukumbi ulijaa taratibu. Waliingia Watanzania, Waganda, Wakenya wachache, na Wakongo waliokuja na spika yao. Saa nane kasorobo akaingia binti yake, Vumilia, na Severin akasahau baridi.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na tayari amevaa sare ya kazi chini ya koti. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, na zamu ya leo ilianzia Hallunda, kituo kimoja mbele, saa kumi na mbili kasorobo. Alimkumbatia baba yake. Alisema naye Kiswidi, kama siku zote. Kiswahili alikielewa, ila kukisema alikuona kama kuvaa viatu vya mtu mwingine.

"Unaanza saa nane, pappa, si ndiyo?"

"Saa nane kamili."

"Safi. Nimekula kabisa, nisije nikasinzia."

Severin alicheka, lakini hilo la kusinzia lilimchoma. Mara tatu alikuwa amejaribu kumsimulia mezani. Kila mara alianzia London, kama ilivyostahili, na kabla hajafika ziwani binti alikuwa ameshageukia simu yake. Hakumlaumu. Utoto mzima wa Vumilia baba alikuwa visiwani majira ya joto, na majira ya baridi alikuwa ndani ya injini gatini. Mtoto hakuwahi kumwona akisikilizwa na mtu. Severin alikuwa na hakika moja: kwamba akimwona baba yake amesimama mbele ya watu mia walionyamaza, atanyamaza pamoja nao, na atasikia.

Saa nane ikafika, ikapita.

Mshereheshaji, Zephania wa Mwanza, dereva wa basi mwenye sauti ya kuamsha waliolala, alishika kipaza sauti. "Ndugu zangu, mgeni rasmi yuko njiani. Treni ya kwake leo haitembei, wamewekewa basi. Na basi hilo mnajua silo la kwangu, lingeshafika!"

Watu wakacheka. Severin akamwendea.

"Zephania, mwanangu. Mimi naweza kuanza. Mgeni atanikuta katikati."

"Mzee wangu, unataka nifukuzwe?" Zephania alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mada kabla ya mgeni rasmi! Akifika atauliza, mmenialika nije nifunge mlango?"

Severin alirudi kwenye kiti chake akaipitia mada kichwani, ili walau yeye mwenyewe aisikie.

Januari, Uingereza iko vitani na bahari ni yake. Machi, meli kubwa zake na za washirika wake zinapeleka vichwa kwenye mlango mwembamba wa Waturuki na zinazama kwa mabomu ya majini, tatu kwa siku moja. Aprili, wakati wakubwa wa London wanalaumiana, mwindaji mmoja aliyetoka Afrika anaingia katika ofisi ya jeshi la majini na kuwaambia: kuna ziwa refu kule ndani, Wajerumani wanalitawala kwa meli mbili tatu, na ninyi hamna hata mtumbwi. Mei, admirali mzee anajiuzulu kwa hasira, waziri wa majini anapoteza kiti, serikali inavunjwa na kuundwa ya mseto. Katikati ya zogo hilo, ofisi ile ile iliyoshindwa kupitisha manowari kwenye mlango wa bahari inaidhinisha mashua mbili za mita kumi na mbili zipelekwe ziwani kwa kupandishwa milima ya Kongo.

Hapo ndipo Severin, kila akifika, alihisi nywele zikimsisimka. Mashua zilizopanda mlima! Lakini mtu hawezi kuelewa ajabu ya mashua bila kuelewa London kwanza. Ndiyo maana London ilikuwa na karatasi nane.

"Papa Severin," alisema Colombe, mama wa Kalemie aliyeketi nyuma yake, "hii mambo ya Waingereza, utaisema leo ao tutarudi kesho?"

"Kesho sipo, mama."

"Ah bon. Basi harakisha."

"Mwambie mgeni rasmi aharakishe!"

Vumilia aliangalia saa yake.

Bwana Ssali aliingia saa tisa na nusu, akitoka jasho, akiomba radhi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiswidi. Alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lililomuudhi Severin zaidi. Hapakuwa na wa kumchukia. Watu walisimama. Utambulisho ukaanza. Zephania alitambulisha meza kuu, kisha walioketi nyuma ya meza kuu, kisha waliostahili kuketi meza kuu lakini hawakuja. Risala ya chama ikasomwa, kurasa nne. Mgeni akajibu risala. Alizungumzia utamaduni, kisha vijana, kisha, kwa sababu ambayo Severin hakuikamata, utenganishaji wa taka.

Dafrosa aliinama kando yake. "Kaka, tufanye ishirini na tano."

"Dada, ni arobaini. Nimeipima."

"Ruka kidogo."

"Niruke nini? Niruke Mei? Nikiruka Mei, hakuna anayeelewa Juni!"

Pilau ikaletwa, kwa kuwa ilikuwa inapoa. Dafrosa alipopita tena na sahani alisema kumi na tano, bila kusimama. Kikafuata cheti cha shukrani kwa mgeni, ikafuata picha ya pamoja, na picha ikarudiwa kwa sababu mtu alifumba macho. Severin alisimama kwenye picha hiyo ameshika bahasha kifuani, uso kama wa mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho polisi.

"Pappa," Vumilia alisema, akimvuta mkono, "wakatalie. Chukua tu hicho kipaza sauti."

"Huwezi kuchukua tu."

"Kwa nini?"

Severin aliinyoosha pembe ya bahasha kwa kidole gumba.

Saa kumi na dakika arobaini na nne Zephania alimwita jukwaani. "Mzee wetu, gwiji wa vita vya majini, anatuaga kesho! Mpigieni makofi! Mzee, sauti ya kengele inaanza kusema dakika tano kabla ya saa kumi na moja. Una dakika kumi na moja, na usituingize vitani."

Kumi na moja. Severin alipanda akiwa amekunja taya, lakini ghafla akakumbuka jambo, na moyo ukatulia. Siku ile ya Desemba, pambano lote la kuiteka meli ya kwanza ya Wajerumani lilichukua kama dakika kumi na moja. Waingereza walisafiri nusu mwaka kwa ajili ya dakika hizo. Kama zilitosha kuteka meli, zingetosha kuielezea. Angeiacha London! Angeanzia mlimani. Alimtazama Vumilia, safu ya tatu, simu imelala kifudifudi pajani, macho kwake.

Akainua kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," kinywa chake kikasema.

Bwana Ssali aliinamisha kichwa kwa adabu. Na baada ya mgeni rasmi mtu hawezi kurukia mlimani, kuna mwenyekiti. Severin akamtaja mwenyekiti. Akamtaja katibu na mweka hazina. Akawataja viongozi wa dini, mchungaji kwanza, kisha akaona amemtanguliza mchungaji mbele ya sheikh aliyemzidi umri, akaomba radhi, akawarudia kwa mpangilio unaofaa. Aliwatambua wageni kutoka Burundi, ambao Zephania aliwasahau na walikuwa wamenuna tangu wakati wa utambulisho. Wakapiga makofi kwa nguvu, na ikambidi Zephania aje kuwaomba msamaha kwenye kipaza sauti. Akawashukuru waliopika. Akaishukuru kahawa. Akasikia sauti yake ikienda yenyewe, kama injini iliyokatika mkono wa kuizima, na ndani yake mtu mwingine alikuwa anapiga kelele: acha, acha, mlima!

"Na kabla sijaanza," alisema, maana hakuna aliyekuwa amemtaja siku nzima, "tumkumbuke mwasisi wetu, Mzee Solomon, aliyetutoka Januari. Tusimame kwa dakika moja."

Watu mia walisimama, wamenyamaza kabisa. Severin aliihesabu dakika hiyo kwa uaminifu, sekunde sitini, kwa saa yake ya mkononi. Vumilia alikuwa amesimama pia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na baba hakuweza kujua kama analia au anacheka.

"Asanteni. Kaeni." Akatoa karatasi ya kwanza, kwa kuwa vidole vilikuwa tayari vimeishika. "Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tano ulianza siku ya Ijumaa."

Kutoka kipaza sauti cha darini, mwanamke asiyekuwepo akasema kwa Kiswidi safi na cha upole kwamba jengo linafungwa, tafadhali wote waondoke.

"Sufuria!" Dafrosa alipiga ukelele. "Shikeni sufuria!"

Watu wakasimama mara ya pili, safari hii bila kunyamaza. Viti vilikunjwa chini ya waliovikalia. Colombe alipompita alimgonga bega kwa mfuniko. "Papa, Ijumaa, tumesikia. Le reste, ile inabaki, utatuma kwa WhatsApp." Bwana Ssali alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba katika mikutano yote aliyowahi kualikwa, hakuna aliyewahi kuzingatia itifaki namna ile.

Nje, Severin na binti yake walitembea hadi kituoni. Ngazi za umeme ziliwateremsha ndani ya mwamba uliopakwa rangi ya kijani. Ubao wa jukwaani ulionyesha treni ya mjini baada ya dakika nne.

"Umeishukuru kahawa," Vumilia alisema hatimaye.

"Najua."

"Pappa, saa mbili nzima umekaa pale unawatukana kwa sauti ya chini. Nilikusikia. Kisha unapanda na kufanya kile kile!"

"Najua, nimesema!" Sauti yake ilirudi kutoka ukutani, na mtu mmoja mwenye baiskeli akageuka. "Ungefanya nini wewe? Ungemtazama sheikh usoni ukamwambia habari za mashua bila hata salamu?"

"Ndiyo."

Alimtazama. Alikuwa amesema kweli. Angefanya hivyo hasa, na hakuna ambaye angemchukia.

"Nilikuja kukusikia," Vumilia alisema. "Nimebadilishana zamu na mtu. Wiki nzima nimewaambia wazee wangu kwamba baba atahutubia. Sasa niambie. Dakika nne."

Severin alivuta pumzi. "Kwanza lazima uelewe hali ya kisiasa ilivyokuwa London..."

"Hapana. Mashua."

"Vumilia, bila London..."

"Mashua, pappa!"

Kwa hiyo alimsimulia mashua. Alijikwaa mwanzoni, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa dirisha. Akamwambia zilipakiwa Juni kwenye meli ya Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, na mwanzoni mwa Agosti reli ilipofika mwisho zikashushwa porini. Zikafungwa kwenye matrekta ya mvuke, makubwa kama nyumba, na mamia ya watu wakakata miti na kujenga madaraja zaidi ya mia moja ili matrekta yapite, na madaraja yakavunjika, yakajengwa tena.

Treni ilikuja. Milango ikafunguka mbele yake. Severin aliitazama, akatazama saa; mtu wa funguo angekuwa mlangoni saa kumi na mbili na robo, na tangu afike nchi hii hakuwahi kumchelewesha mtu. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka bila yeye.

Vumilia aliifuata treni kwa macho. Aliuliza, "Nani? Watu hao mamia, akina nani?"

"Hawakuandikwa. Nimetafuta miaka minne. Jina la mbwa wa Mzungu mmoja wa msafara ule limeandikwa kuliko wao, karibu niseme." Alisikia hasira yake ya mchana wote ikipata mahali pa kukaa. "Jemadari, wameandika hadi aina ya sigara zake. Waliovuta, hakuna. Huko juu maji yaliisha. Mitambo ya mvuke bila maji ni chuma tu, mimi fundi nakwambia. Wakaja wanawake na mitungi kichwani, kutoka mbali, wakamimina maji yao ya kunywa ndani ya mtambo. Mtungi kwa mtungi. Nao hawana majina."

"Hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Wa tisa! Mungu wangu, pappa." Alinyoosha mkono. "Nipe."

"Ni Kiswahili cha kuandika. Kigumu."

"Nipe tu."

Alitoa bahasha. Binti alihesabu karatasi kwa kidole, akachomoa tatu za mwisho, akazirudisha nane mkononi mwa baba. Treni ya pili ilikuwa tayari inaingia, ikisukuma upepo mbele yake. Severin alimkumbatia kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umejaa London, akapanda.

"Zilifika?" Vumilia aliuliza, sasa kwa Kiswahili. "Majini, zilielea?"

Alikuwa na jibu. Lilikuwa na tarehe mbili za Desemba na jina la mto. Alianza, "Subiri, lazima kwanza..." na milango ikafungwa katikati ya neno. Akapiga kioo kwa kiganja. Akainua vidole viwili, vya mashua mbili, jambo ambalo Vumilia kule jukwaani hakuwa na namna ya kulielewa.

Treni ikaondoka naye, na karatasi zake nane za Mei na mawaziri. Jukwaa lilibaki na kijani chake na ubao wake. Treni ya Hallunda ilikuja upande wa pili, ikangoja, ikaenda. Vumilia alikuwa bado amesimama palepale, ukurasa wa tisa mkononi, kidole chini ya mstari wa kwanza, akisoma kwa midomo, silabi moja baada ya nyingine.